Nyumba Yangu, Ardhi ya Mwenyewe

Karani wa sensa alifika kwetu Mtopanga usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Tushakula, wapangaji wengine wako nje barazani wanapunga upepo. Alikuwa kijana wa rika langu, tableti mkononi, jasho linamtiririka kwa ploti alizokwisha kupita.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo."

Akauliza majina, miaka, nani amelala hapa leo, nani ana kazi, nani hana. Akafika kwenye nyumba.

"Nyumba hii ni yako, nyanya, ama umepanga?"

"Nyumba ni yangu. Ardhi ya mwenyewe."

Kijana akaniangalia mimi, kama kwamba nitatafsiri.

"Sasa niandike vipi?"

"Andika hivyo hivyo nilivyokwambia," hawe akasema.

Hawe ndivyo sisi Wamijikenda tunavyomwita nyanya. Sijui karani mwishowe alibonyeza nini. Najua tu kwamba usiku ule tulihesabiwa, na kwamba sisi, wapangaji wetu na jirani zetu wote tumo ndani ya nambari moja iliyotangazwa baadaye: watu 291,930 katika Kisauni. Nimekaa na nambari hiyo miaka kadhaa sasa. Nilijiunga na chuo kikuu, nikaacha mwaka wa pili karo iliposhinda, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya kuandika. Cheti sina. Tabia ya kusoma mambo yasiyonilipa ndiyo iliyobaki, na katika hayo yasiyonilipa hakuna nililolifuata kama swali hili: Kisauni ni nini, nani aliichora, na kwa nini wewe waweza kuipigia kura maisha yako yote na usimiliki hata futi moja ya mchanga wake?

Kabla ya kuendelea, neno moja. Redio zetu husema "eneo bunge". Jirani zetu wa Tanzania husema "jimbo", na ni neno fupi, zuri. Lakini hapa pwani jimbo lina kovu. Mwaka 1963 jimbo lilikuwa Pwani nzima, mojawapo ya majimbo saba ya Kenya yenye mabaraza yao wenyewe, na mtu aliyelipigania zaidi alikuwa Ronald Ngala, mwalimu Mgiriama aliyekuwa kiongozi wa KADU. KADU ilijivunja Novemba 1964, mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakafutwa. Hawe alikuwa msichana wakati huo. Ukisema "jimbo" mbele yake, yeye husikia ahadi. Kwa hiyo hapa nitasema eneo bunge, ama nitasema Kisauni tu.

Kisauni ya zamani ilikuwa rahisi kueleza: toka daraja mpaka daraja. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani umeingia, ukivuka daraja la Mtwapa umetoka. Katikati kulikuwa na mashamba ya minazi na miembe, vijiji, shamba kubwa la mkonge la Nyali, na makazi ya Freretown yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ingali pale kwenye njia panda, ndiyo maana makanga wa matatu huita "Kengeleni! Kengeleni!" pasipo hata mmoja garini kufikiria watumwa. Sikatai. Na mimi pia nilikuwa nikishuka pale bila kufikiria.

Sasa, ardhi. Mwaka 1895 Waingereza walifanya mkataba na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa pwani wa maili kumi, yeye abaki na bendera, wao wabaki na kazi. Kisauni imo ndani ya ukanda huo. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki: mwenye kudai shamba pwani na aje alithibitishe, apewe karatasi, na lisilothibitishwa liwe la serikali ya Kiingereza. Walioijua ofisi na wenye mashahidi wa kuwasemea walikwenda, wengi wao Waarabu, Waswahili wenye majina na wafanyabiashara. Wamijikenda wengi, ambao kwao shamba lilikuwa la ukoo na ushahidi wake ni mnazi uliopandwa na babu, hawakutoka na karatasi. Skwota wa pwani alizaliwa hivyo, kwa sheria iliyompita nyumbani kwake huku analima.

Ikiwa ardhi iligawanywa kwa karatasi, kura iligawanywa kwa rangi. Tangu miaka ya 1920 Baraza la Kutunga Sheria la koloni lilikuwa na viti 11 vya kuchaguliwa vya Wazungu, 5 vya Wahindi na 1 cha Waarabu. Mwafrika alisemewa na mtu wa kuteuliwa, na mwanzoni huyo aliyemsemea alikuwa mmisionari Mzungu. Mwafrika wa kwanza kuteuliwa, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Waswahili wa Thenashara Taifa wakawa kwenye mvutano wa miaka mingi: wahesabiwe na Waarabu au na "wenyeji"? Si swali la heshima peke yake. Jibu lake ndilo lililoamua unalipa kodi gani na unapiga kura ama hupigi. Katika Mombasa ile, kumuuliza mtu "wewe wa eneo gani?" hakukuwa na maana. Swali lilikuwa "wewe ni nani?"

Waafrika walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza Machi 1957, viti 8 kwa nchi nzima. Na hata hapo kura hazikuwa sawa. Elimu, mapato, mali na utumishi vilimpa mtu sifa, na mwenye sifa nyingi aliweza kuwa na kura mpaka tatu. Ngala alishinda kiti cha Pwani. Eneo lake lilikuwa mkoa mzima, Lamu na Taita kapu moja, na mvuvi wa Kisauni asiyejua kusoma akiwa nje ya kapu.

Halafu kuna tarehe ambayo, kwa maoni yangu, ina uzito kwetu kuliko ile ya uhuru. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwamba Sultani ataachia ukanda wa pwani. Watu wa Mwambao waliotaka pwani ijitenge walishindwa, na wengi husimulia hadithi hiyo mpaka hapo, wakafunga kitabu. Lakini ndani ya makubaliano yale kulikuwa na ahadi: hatimiliki za ardhi zilizokwisha kuandikishwa pwani zitatambuliwa daima. Bendera zilibadilika mara mbili ndani ya miezi michache. Karatasi za 1908 zikavuka salama.

Kwa hiyo mtu wa Kisauni aliingia kwenye uhuru na kura moja kamili, sawa na ya mtu yeyote, juu ya ardhi ambayo daftari lake lilikwisha kufungwa.

Watu walikuja kwa madaraja na kwa kazi. Daraja la kwanza la Nyali lilikuwa la kuelea juu ya maji, la mwaka 1931, mali ya kampuni ya Nyali, na lilikuwa na ushuru. Ushuru huo ulizaa kesi iliyofika mpaka London: je, magari ya jeshi la Malkia yalipe? Mwaka 1955 jaji Denning, akiamua kesi hiyo, alifananisha sheria ya Kiingereza na mti wa mwaloni ambao huwezi kuuhamishia Afrika ukategemea uote vilevile. Wanafunzi wa sheria huusoma mfano huo duniani kote. Hapa kwetu, walio wengi hawajui kwamba mwaloni ule ulipandwa kwenye ushuru wa daraja letu.

Mwaka 1954 kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji. Mwaka 1980 daraja jipya la Nyali lilifunguliwa, la zege, na bara ya kaskazini ikamiminika watu. Wakaja Wagiriama, Wachonyi, Waribe na Wakauma kutoka Kilifi, Wadigo na Waduruma kutoka kusini, Wakamba, Wataita, Waluo, Waluhya na Wakikuyu kutoka bara, Wabajuni kutoka visiwani. Miaka ya 1990 Wasomali waliokimbia vita waliwekwa kambini Utange. Tsawe, yaani babu yangu, alikuwa ametangulia. Alitoka Kaloleni katikati ya miaka ya 1970 kufanya kibarua cha kuchimba mawe, akamleta hawe, wakamwendea mwenye shamba.

Mpango wenyewe ni wa kimombasa na una jina: nyumba bila ardhi. Mwenye shamba anakukatia kiwanja, unajenga nyumba yako, unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba waweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha. Ardhi hapana. Zamani makubaliano yalikuwa ya mdomo, na mwenye shamba akitaka ardhi yake, unang'oa mabati na milango unaondoka. Ndiyo sababu nyumba zilizeekwa kwa makuti miaka mingi na kuta zikabaki udongo. Nani atamwaga zege kwenye mchanga wa mtu?

Hawe alikuwa na mkebe wa biskuti. Ndani yake mna kadi za zamani za kupigia kura na risiti za kodi ya ardhi zilizofungwa kwa uzi, mwaka juu ya mwaka. Alivitunza pamoja kwa sababu vyote viwili ni karatasi za serikali, ndivyo alivyosema, ingawa moja si ya serikali. Ule mkebe ndio maktaba yangu ya kwanza. Ukizipanga kadi na risiti kwa tarehe, unaona mwanamke ambaye hakukosa uchaguzi hata mmoja na hakukosa kodi hata mwezi mmoja.

Aliwapigia kura akina nani, hakuniambia, na mimi sikuuliza. Lakini matokeo ya Kisauni yako wazi. Mwaka 1997 Kisauni ilimchagua Emmanuel Karisa Maitha kwa tiketi ya DP, chama cha Mwai Kibaki, chama cha upinzani chenye mizizi yake mbali na bahari. Huo ndio mwaka ambao Likoni, ng'ambo ya pili ya Mombasa, watu waliuawa na wengine kufukuzwa kwa kuitwa watu wa bara. Ng'ambo yetu, sanduku likamtoa Mmijikenda kwa tiketi ya chama cha bara. Huwezi kuielewa Kisauni bila jambo hilo. Hakuna kabila linaloweza kushinda hapa peke yake, na Maitha alilijua hilo kabla ya wengi. Alirudi bungeni 2002 na NARC, akawa waziri, akafariki Agosti 2004 akiwa Ujerumani. Anania Mwaboza akachukua kiti kwenye uchaguzi mdogo. Mwaka 2007 akaja Ali Hassan Joho na ODM, na 2013 akapanda kuwa gavana wa kwanza wa Mombasa. Rashid Bedzimba wa ODM akaingia 2013, Ali Mbogo wa Wiper akamtoa 2017, Bedzimba akarudi 2022. Mtu asikwambie Kisauni ni mali ya chama fulani. Watu wasiomiliki kiwanja wamezoea kutoweka mizigo yao yote mahali pamoja.

Mstari mkubwa ulipita mwaka 2012. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge ya nchi kufika 290. Mombasa, iliyokuwa na manne, Mvita, Likoni, Changamwe na Kisauni, ikapata sita. Changamwe ikamzaa Jomvu. Kisauni ikamzaa Nyali.

Nyali ilikwenda na daraja, kengele ya Freretown, soko la Kongowea na zile nyumba za kuta ndefu zenye maua juu. Kisauni ikabaki na wadi saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Kwenye stegi utasikia watu wakisema matajiri walikatiwa chao. Nimelisema hilo hata mimi, na si kweli sana. Nyali ina Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani, na mtu wa huko haoni maua yoyote. Sisi nasi tuna hoteli za ufukweni Bamburi na Shanzu. Lakini tuna pia gereza la Shimo la Tewa, na Mwakirunge ambako taka za mji hupelekwa, na jina ambalo watu wa kisiwani hulitania wakisikia habari za vijana wenye silaha za makali: Mtopanga, mto wa mapanga. Umeandika barua ya kazi, umeweka anwani, unakaa kusubiri.

Sasa turudi kwa nambari ya hawe. Katiba inataka kila eneo bunge liwe na idadi ya watu inayokaribia wastani wa nchi, na katika miji inaruhusu tofauti ya asilimia 40, juu au chini. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa 290, unapata kama watu 164,000 kwa mbunge. Ongeza asilimia 40, unafika kama 229,600. Kisauni ina 291,930. Tumezidi kiwango cha juu kabisa kwa watu zaidi ya 62,000. Likoni pia imezidi, ina 250,358. Mvita, kisiwani kwenyewe, ina 154,171, na mbunge mmoja, kama sisi. Lamu Mashariki ina watu 22,258, na mbunge mmoja, kama sisi. Sauti ya mtu wa Lamu Mashariki bungeni ina uzito wa sauti kumi na tatu za Mtopanga. Na kwa kuwa mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, uliopo tangu 2003, hugawanywa kwa sehemu kubwa sawa kwa sawa, uzito huo unaingia mpaka kwenye madarasa na basari.

Mipaka inatakiwa kupitiwa upya kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Muda huo ulikwisha Machi 2024, na Tume ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna hata mmoja wa kuifanya kazi hiyo. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Na Katiba inasema mapitio yakikamilika miezi isiyofika kumi na miwili kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki kwenye uchaguzi huo. Hesabu mwenyewe mpaka Agosti 2027.

Nilimpigia hesabu hizi rafiki yangu mmoja wa Kizingitini, tukinywa kahawa. Nilidhani nimemaliza mjadala. Akatulia, kisha akaniuliza, "Maeneo ni 290, hayaongezwi bila kubadilisha Katiba. Nyinyi mkipewa la pili, litatoka wapi?"

Nikanyamaza.

"Litatoka kwetu," akasema. "Wewe ukitaka kumuona mbunge, wapanda matatu. Mimi napanda mashua. Watu 22,000 kwenu ni mtaa. Kwetu ni nchi, ina visiwa, ina mpaka wa Somalia. Sasa nani atatusemea?"

Mapitio ya 2012 yalilindwa na kifungu cha mpito kilichosema eneo bunge lililopo lisipotezwe. Mapitio yajayo hayana ulinzi huo. Rafiki yangu analijua hilo vizuri kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye wa kupoteza. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu linaloturidhisha sote wawili. Nimebaki na jambo moja tu ambalo historia hii imenifundisha. Wametuhesabu kwa rangi, kwa sifa, kwa mkoa, kwa jimbo, kwa eneo bunge. Kila mara mstari ulipochorwa upya, ulichorwa juu ya watu, na kila mara swali la ardhi iliyo chini ya watu hao liliachwa kwenye karatasi za 1908 na ahadi ya 1963. Kura hufuata watu. Ardhi hufuata karatasi. Tukipewa wabunge wawili, ama watatu, bado hayo mawili hayatakuwa yamekutana.

Tume ikija kusikiliza maoni nitakwenda. Nitasema tumezidi, kwa sababu ni kweli. Nitasema pia kwamba Katiba inawataka watazame historia, uchumi na uhusiano wa jamii wanapochora, na kwamba historia ya hapa ni nyumba bila ardhi. Mstari usitutenge tunaolipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba mmoja, nusu huku nusu kule, tukashindwa hata kumtafuta mbunge mmoja wa kulia naye. Mkebe nitaubeba.

Hawe alipiga kura yake ya mwisho Agosti 2022, nikimshika mkono kwenye foleni. Alifariki mwaka uliofuata. Alikuwa ameishi Mtopanga karibu miaka hamsini, lakini hakuna anayezikwa kwenye ploti ya kodi, kwa hiyo tulimpeleka Kaloleni, kwenye udongo ambao hakuupigia kura hata siku moja.

Kodi ya ardhi sasa nalipa mimi. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mkusanyaji, akatoa kitabu chake, akaandika risiti, akanikatia. Nilipofika nyumbani nikaisoma. Imeandikwa jina lake. Nikaifunga na zile nyingine kwa uzi, nikaurudisha mkebe juu ya kabati.